Deni la Kiwanja Halina Mlango wa Kubisha: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ardhi na Sheria

Uyole, Mbeya

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi na nyumba,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya katiba na sheria,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MADAI YATOKANAYO NA MAUZO YA ARDHI KUKOSA MAHALI PA KUSIKILIZWA NA NJIA YA KULIPWA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Uyole. Mwaka 2014, mwaka niliostaafu, niliuza kiwanja changu cha Isyesye kwa shilingi milioni 18 ili nimalizie nyumba ninayoishi sasa. Nimelipwa milioni 11. Milioni saba zilizobaki nimezidai kwa mdomo, kwa barua, kwa mwenyekiti wa mtaa, katika baraza na katika mahakama mbili tofauti, na leo nina hukumu yenye muhuri inayosema kwamba nazidai kihalali, lakini katika hizo milioni saba sijapata hata shilingi moja. Siandiki ili mnisaidie kulipwa. Sitataja jina la mnunuzi, wala la baraza, wala la mahakama niliyopitia, kwa sababu karibu kila mtu niliyekutana naye katika safari hii alifuata sheria kama alivyoielewa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kama ningekwamishwa na mla rushwa, ningepeleka malalamiko kunakohusika na kunyamaza. Nimekwamishwa na sheria zenyewe, ambazo kila moja peke yake ni njema, ila zikikutana juu ya kiwanja kimoja zinamwacha mdai barabarani.

Naomba nianze na karatasi yenyewe, kwa kuwa ndiyo kosa langu na sitaki kulificha. Mkataba wa mauziano niliuandika kwa mkono wangu kwenye karatasi ya mistari, mashahidi wanne wakatia sahihi, wawili upande wangu na wawili upande wa mnunuzi, na muhuri wa serikali ya mtaa ukagongwa chini, wino wake wa bluu ukavuja kidogo juu ya jina la shahidi wa tatu. Vipimo viliandikwa kwa hatua, 25 kwa 30, kutoka mti wa mparachichi hadi mfereji. Mnunuzi alitoa kishika uchumba cha milioni sita siku hiyo hiyo, na milioni tano akaleta baada ya Krismasi. Kuhusu zilizobaki niliandika maneno haya: «Kiasi kilichobaki atamalizia baada ya mavuno.» Yeye alikuwa na mashamba ya mpunga Usangu, na wote tuliokaa kwenye mabenchi yale tulijua mavuno gani yanasemwa. Nilifundisha watoto kwa miaka 36, na kila asubuhi niliwataka waandike tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Katika mkataba wangu mwenyewe sikuandika tarehe ya mwisho ya malipo. Baadaye nilisimama mbele ya wasomi wa sheria na kuulizwa mavuno ya nani, ya zao gani na ya mwaka upi, na sikuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba kila mtu wa Mbeya anajua mpunga wa Usangu huvunwa lini.

Mavuno ya mwaka 2015 yakapita, ya mwaka 2016 yakapita. Mnunuzi alikuwa akijenga. Nilipita pale nikaona msingi, kisha tofali zimefika kwenye linta, kisha mabati ya rangi ya damu ya mzee. Kila nilipomuuliza alinijibu kwa heshima, «Mwalimu, nivumilie, mwaka huu maji yalikuwa kidogo.» Nilivumilia kwa sababu huku kwetu mtu hakimbilii mahakamani kumshtaki jirani mtarajiwa, na pia, niseme kweli, kwa sababu niliona nyumba ile inavyosimama nikafikiri kwamba mtu mwenye nyumba ya namna hiyo hawezi kushindwa kunilipa. Sikujua kwamba nyumba hiyo hiyo ndiyo itakayonizuia nisilipwe.

Mwaka 2017 nilikwenda Mahakama ya Mwanzo. Karani alisoma mkataba, akageuza karatasi nyuma na mbele, akaniambia hili ni suala la kiwanja, mahakama yake haishughuliki na ardhi, niende Baraza la Kata. Baraza la Kata wakati huo lilikuwa bado na mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, lakini yale tu yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu, kwa hiyo nalo likanielekeza Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nikafungua shauri mwaka 2018. Mwaka uliofuata nikashinda. Mnunuzi akakata rufaa Mahakama Kuu, na mwaka 2020 mwenendo wote wa shauri ukafutwa pamoja na hukumu yake, kwa sababu ambayo haikunihusu mimi wala yeye: kumbukumbu hazikuonyesha kwamba maoni ya wazee wa baraza yalisomwa mbele yetu kabla mwenyekiti hajaandika hukumu.

Wasomaji wasiozoea mambo haya wanaweza kudhani hilo ni jambo dogo la kiofisi. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, inataka baraza la wilaya liwe na mwenyekiti na wazee wasiopungua wawili, na inataka wazee hao watoe maoni yao kwanza. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba maoni hayo lazima yaandikwe na wadaawa, yaani pande zote mbili za shauri, wayajue, la sivyo hukumu inaanguka. Mimi sipingi. Mzee wa baraza asiyesikika ni pambo tu. Ninalouliza ni kwa nini mzigo wa kosa hilo unabebwa na mwananchi aliyelipa ada, nauli na wakili kwa miaka miwili, ilhali hakuwa na uwezo wowote wa kumkumbusha mwenyekiti aandike sentensi mbili kwenye jalada. Kingewekwa kipande cha karatasi ndani ya kila jalada, chenye nafasi ya maoni ya mzee wa kwanza, maoni ya mzee wa pili, na tarehe waliyoyasoma, mashauri mengi ya Nyanda za Juu Kusini yasingerudi mwanzo.

Shauri likaamriwa lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Hapo ndipo wakili wa mnunuzi, kijana hodari ambaye simchukii, alipoleta pingamizi la awali. Alisema hakuna mgogoro wa ardhi hapa. Muuzaji hadai kiwanja, hakatai kwamba aliuza, hajadili mpaka. Anadai pesa zake. Deni ni deni, hata kama limetokana na kuuza kiwanja, kwa hiyo baraza halina mamlaka. Mwenyekiti akakubaliana naye, na mwaka 2022 shauri likatupwa. Nilirudi nyumbani na maamuzi mawili kichwani. Mahakama ya Mwanzo iliniambia ni ardhi, si deni. Baraza likaniambia ni deni, si ardhi.

Waheshimiwa, naomba mkae hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo lenyewe na mengine yote yanalizunguka. Watu wanaonunua viwanja kwa awamu Mbeya ni wengi mno. Jiji limepanda hadi Isyesye, Itezi, Nsalaga na Iwambi; barabara kuu inapanuliwa kuwa ya njia nne; mashamba ya mahindi ya wazazi wetu yamekuwa viwanja, na mfanyakazi wa kawaida hawezi kutoa bei yote kwa mkupuo. Anatoa kishika uchumba, anaingia, anajenga polepole, anamalizia baadaye. Ndivyo nchi hii inavyojengwa, na sioni njia nyingine. Lakini mauziano ya namna hiyo yana pande mbili zilizoshonwa pamoja, ardhi na deni, na sheria inayagawa majengo mawili tofauti. Ukiingia jengo la ardhi unaambiwa umebeba deni. Ukiingia jengo la madai unaambiwa umebeba ardhi. Mdaiwa mwenye wakili mzuri hahitaji kukanusha deni hata siku moja. Inamtosha kuelekeza kidole kwenye mlango wa jirani.

Wakati huo muda nao unakimbia. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mwenye kudai ardhi miaka 12, lakini mwenye kudai haki itokanayo na mkataba inampa miaka sita. Tofauti hiyo ya mara mbili inategemea jina utakaloliita shauri lako siku ya kwanza, kabla hujamwona wakili, unaposimama mbele ya karani mwenye foleni ya watu 40. Nashukuru kwamba sheria hiyo inaruhusu kutohesabiwa kwa muda ambao mtu aliutumia kwa nia njema katika mahakama isiyo na mamlaka. Bila kifungu hicho ningekuwa nimekwisha. Lakini kukitumia ilinibidi nithibitishe nia njema yangu kwa nyaraka, na mnunuzi akapata tena nafasi ya kubishana juu ya mavuno ya mwaka gani, kwani muda wa miaka sita unaanza kuhesabiwa siku deni lilipopaswa kulipwa. Nilijuta kwa kila neno la sentensi ile niliyoiandika mwenyewe.

Mahakama ya Wilaya ikanisikiliza, na mwaka 2023 nikapata hukumu. Nakiri nilidhani safari imeisha. Mwaka 2024 nikaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe mdaiwa kulipa, na dalali wa mahakama akateuliwa.

Nilifuatana naye hadi Isyesye siku ile, ingawa wakili alinishauri nisiende. Mke wa mnunuzi alitoka ukumbini akiwa na ungo wa mchele mkononi, na watoto wawili waliovaa sare walikuwa wamekaa barazani wakimaliza chai kabla ya kwenda shule ya mchana. Alinisalimia, «Shikamoo, mwalimu,» nikaitikia. Dalali alimwuliza nani anaishi humo. Alijibu kwamba ni yeye, mume wake na watoto wao wanne. Dalali, ambaye ni mtu mwenye staha, alifunga jalada lake taratibu, na tulipotoka getini akaniambia kitu ambacho hakuna aliyeniambia kwa miaka yote ile: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, hairuhusu kukamata na kuuza nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea ili kulipa hukumu ya deni la kawaida. Mnunuzi hana gari. Mashamba ya Usangu hayana hati na hayako kwa jina lake. Mali aliyo nayo ni nyumba, na nyumba haiguswi.

Niseme wazi kwamba nilipumua. Sikwenda pale kuwatoa watoto wale ndani, na kifungu hicho ni cha haki. Naomba asije mtu akaisoma barua hii kama ombi la kukifuta. Lakini tazameni mahali nilipofikishwa. Pesa zangu ziko ndani ya kuta zile. Kama tangu mwanzo mauziano yetu yangeandikwa kama rehani, nyumba ingeweza kuuzwa kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, unaomtaka mdai atoe notisi na kusubiri siku 60 kabla ya kuchukua hatua. Kama ningeomba mkataba uvunjwe badala ya kudai salio, sheria hiyo hiyo ina masharti kuhusu muuzaji anayetaka kurudi katika ardhi wakati mnunuzi ameshaingia, na mnunuzi anaweza kuiomba mahakama imwonee nafuu. Kwa kuwa nilidai deni langu kama deni, nimepata karatasi. Njia nyingine iliyobaki ni kumpeleka kifungo cha madai, ambapo mdai ndiye anayetoa pesa ya chakula cha mdaiwa wake gerezani. Mwalimu mstaafu alipie ugali wa mtu anayemdai milioni saba ili asiweze kwenda shambani kutafuta hizo milioni saba. Utaratibu huu nimejaribu kuuelewa, nikashindwa.

Hayo ni upande wa muuzaji. Upande wa pili ni mbaya zaidi, na nisingekuwa mwaminifu kama ningeuacha.

Jirani yangu mmoja anauza viazi sokoni Uyole. Mwaka jana alikuja jioni na bahasha, akasema, «Mwalimu, nisomee, macho yangu hayaoni vizuri.» Alikuwa amekopa shilingi milioni moja na nusu kwa mtu binafsi, ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na riba aliyotajiwa ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Wakopeshaji wenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wamewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini mtu huyu hakuwa na leseni, hivyo kikomo hakikumsumbua. Lililonishtua si riba. Karatasi aliyotia sahihi haikuwa na neno mkopo hata mahali pamoja. Ilikuwa na kichwa «Mkataba wa Mauziano ya Nyumba», ikisema kwamba ameuza nyumba yake kwa shilingi milioni nne na kwamba amepokea fedha zote taslimu. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu. Nilimsomea mara mbili. Mara ya pili alikaa chini kwenye ngazi.

Tazameni kazi inayofanywa na karatasi ile moja. Kama ni rehani, lazima kuwe na notisi ya siku 60. Kama ni rehani na nyumba ikauzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhani kwamba mdai amekiuka wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo. Kama ni mnada wa nyumba au ardhi, Sheria ya Madalali wa Minada, Sura ya 227, inataka tangazo la siku zisizopungua 14, kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Sheria hiyo ni ya siku za mkoloni, lakini mtu aliyeiandika alimkumbuka mama asiyeona vizuri maandishi. Kama ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Ulinzi wote huo, uliojengwa kwa miongo mingi, mkopeshaji ameuruka kwa kubadilisha kichwa cha karatasi. Amegeuza ukusanyaji wa deni kuwa mauziano, na siku mkopaji atakaposhindwa kulipa, mkopeshaji hatakuja kama mdai. Atakuja kama mmiliki, ataandika tarehe kwenye ile nafasi tupu, na atadai kuwa mama yule ni mvamizi katika nyumba yake mwenyewe.

Tulikwenda naye Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena. Linasuluhisha, na kama usuluhishi haujafanikiwa linatoa cheti ili mtu aende wilayani. Mkopeshaji alifika, akaweka mkataba mezani, akasema, «Mimi nimenunua.» Wajumbe walitazamana. Wote walijua. Nusu yao wanakaa mtaa mmoja naye. Lakini hawakuwa na mamlaka ya kuuliza swali la pili, na hivi sasa mama yule analipa riba kila mwezi kwa mkataba ambao kisheria haudaiwi riba kwa sababu eti ni mauziano yaliyokwisha.

Nasikia mambo kama haya kutoka Mafinga na Njombe pia, ambako mashamba ya miti yanauzwa kwa watu wa mbali kwa awamu na salio linabaki hewani hadi miti inapokatwa. Huko kuna tatizo la ardhi ya kijiji juu ya tatizo la deni, na wanaolijua vizuri kuliko mimi wataliandikia.

Ninaloomba ni haya, na nayaandika kwa utaratibu ninaouona wa haraka kwanza. Toeni waraka wa pamoja, kutoka wizara zote mbili na kwa kushauriana na Mahakama, unaosema kwa Kiswahili chepesi kwamba dai la salio la bei ya ardhi linafunguliwa wapi. Sijali sana ni wapi. Mkisema ni mabaraza, sawa. Mkisema ni mahakama za kawaida, sawa. La muhimu ni kwamba mlango utakaotajwa usiruhusiwe kumrudisha mdai kwa sababu dai lake linanuka kidogo harufu ya mlango wa pili. Ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kila kata. Kwa kuwa sheria tangu mwaka 2021 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hakuna sababu ya waraka huo kuanza kwa lugha nyingine halafu ukangoja kutafsiriwa.

Ombi la pili linahitaji akili zaidi na huenda likahitaji Bunge. Muuzaji ambaye hajamaliziwa bei apewe haki ya kuandikisha salio lake dhidi ya kiwanja kabla tofali la kwanza halijawekwa, ili kila atakayekuja kununua, kukopesha au kurithi alione, na ili deni hilo lihesabiwe kama deni lililowekewa dhamana, si deni la kawaida linalogonga ukuta wa nyumba ya familia. Kwa ardhi yenye hati, mtu anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Viwanja vingi vinavyouzwa hapa havina hati. Lakini tunayo Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 117, inayohusu nyaraka za ardhi ambayo haijasajiliwa, na tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, hatulazimiki tena kusafiri. Kinachokosekana ni dawati moja, daftari moja na ada ambayo mkulima wa viazi anaweza kuitoa bila kukopa. Mnunuzi naye atanufaika, kwa sababu atajua kwamba kiwanja anachomalizia hakijauzwa kwa wengine wawili. Na hilo, kama mnavyojua, hutokea kila wiki.

Kuhusu mikataba ya mkopo iliyovikwa nguo ya mauziano, naomba sheria iseme wazi kwamba msikilizaji wa shauri, awe mwenyekiti wa baraza au hakimu, ana wajibu wa kutazama kilichotendeka na si kichwa cha karatasi. Muuzaji aliyebaki ndani ya nyumba, bei iliyo nusu ya thamani au pungufu, malipo ya kila mwezi yanayokwenda kwa anayejiita mnunuzi: dalili hizi zikionekana, mzigo wa kuthibitisha kwamba kweli ni mauziano uwe juu ya mwenye pesa. Na Baraza la Kata, hata kama halitarudishiwa mamlaka ya kuamua, liruhusiwe angalau kuandika kwenye cheti chake kile lilichokiona, kwa sababu wajumbe wa kata ndio watu wa mwisho katika mlolongo huu wanaowajua wahusika kwa sura.

Kuhusu serikali za mitaa nina neno fupi tu. Muhuri wa mtaa unagongwa kwa pesa, na mwenye muhuri mara nyingi hasomi anachokigonga. Mngetoa fomu moja ya mauziano ya awamu, yenye nafasi ya tarehe ya kila awamu na kitakachotokea awamu ikikosekana, nisingeandika «baada ya mavuno», na mama wa viazi asingeweka sahihi juu ya tarehe tupu.

Nimeambatanisha nakala ya mkataba wangu, nikiwa nimefunika majina, pamoja na uamuzi wa mwaka 2020, ule wa mwaka 2022 na hukumu ya mwaka 2023. Niko tayari kuitwa na kamati yoyote ya Bunge kueleza haya kwa mdomo. Naishi kwa pensheni, nafasi ninayo. Mnunuzi wangu aliniletea debe mbili za mchele mwezi uliopita, akasema tuhesabu. Nilizipokea na kuandika kwenye daftari, safari hii na tarehe.

Sheria inaruhusu hukumu kukazwa ndani ya miaka 12. Hukumu yangu, kwa hiyo, ina uhai hadi mwaka 2035. Mwaka huo nitakuwa na miaka 81.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.